UA LA MZEE KITUNGUU: Sehemu ya Tisa, Kadibodi Nyeupe

"Usibonyeze!"

Hapo ndipo tulipomwacha Kidevu-Juu wiki iliyopita, msomaji, nawe ukalikunja gazeti ukaenda zako kunywa chai: amelala kifudifudi kwenye tope la korongo, kamera jichoni, kidole juu ya kitufe, na mbele yake okidi ambayo vitabu vyote vinasema haipo tena. Nyuma yake, ile sauti.

Kama ulikosa sehemu zilizopita, shauri yako. Lakini mimi nina huruma, nitakudokezea.

Kidevu-Juu ni dada mmoja mpiga picha za pasipoti. Jina alipewa na wateja, maana kutwa kucha wimbo wake ni mmoja: "Kidevu juu, usicheke, tazama hapa." Baba yake alikuwa mpeleka barua wa posta. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, akikata njia ya mkato katika korongo hili na mfuko wake begani, aliona okidi yenye madoa matatu mekundu kwenye ulimi, ile petali yake ya mbele. Akaenda kusema kule Jumba la Mimea, wanakokausha majani ya kila aina na kuyaandika vitabuni. Mkuu wa siku hizo akacheka hadi akashika mbavu. "Bwana barua, ulichoona ni kitunguu pori!"

Mji mzima ukacheka naye. Tangu siku hiyo mtu wa watu anaitwa Mzee Kitunguu, hata na watoto wasiojua jina limetoka wapi.

Na kesho saa sita mchana, Jumba la Mimea linampa mchapaji kitabu chake kipya. Ukurasa wa themanini na nne unasema hivi: "Okidi ya madoa matatu. Haipo tena. Mpeleka barua mmoja alidai kuiona, alikosea." Kitabu kitagawiwa shule zote. Wajukuu watafundishwa kwamba babu yao alikosea, tena watapewa na mtihani.

Haya. Sasa turudi kwenye tope.

 Kidevu-Juu alijua ni nani huyo: Bwana Vyungu, muuza maua, ambaye hung'oa okidi porini na kuziuza vyunguni kwa watu wenye baraza pana. Wiki tatu nzima pikapu yake nyekundu imemganda kama kupe.

Akashika bonge la tope mkononi, akageuka.

Lo! Hakuwa Bwana Vyungu. Alikuwa baba yake mzazi, kofia ya posta kichwani, kandambili miguuni, anahema kama amebeba mlima.

"Baba! Na magoti yako!"

"Magoti nimemwachia mama yako nyumbani. Sogea huko."

"Umefikaje huku?"

"Wewe umezunguka kwa barabara. Mimi barabara niliwaachia wenye magari zamani."

"Na kwa nini nisibonyeze?"

 Mzee alivua kofia, akapiga magoti. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, basi akalipeleka la kulia karibu kabisa, shibiri moja kutoka kwenye ua. Petali zake zilikuwa za kijani zenye mistari ya zambarau, na ulimi mweupe umechomoza mbele.

"Ukishalipiga litakuwa picha," alisema. "Nilitaka nilione kwanza likiwa ua."

Akanyoosha kidole, akahesabu bila kugusa. Moja. Mbili. Tatu.

"Yapo matatu, mwanangu?"

"Yapo matatu, baba."

"Basi sikuwa mwongo."

"Hukuwa mwongo."

Mzee akakaa chini pale pale kwenye majimaji. "Nilikuwa nimeshaanza kujitilia shaka," alisema. "Watu wakikuita kitunguu miaka thelathini, iko siku unaamka asubuhi unajinusa."

Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Kidevu-Juu naye akageuka upande akajifanya anafuta lenzi. Alimpenda mzee huyu kuliko alivyowahi kumwambia.

"Siku ile ulisimama hapa hapa?"

"Hapa hapa. Mimi na mfuko wangu wa barua, peke yangu," alisema mzee, akakohoa.

Kikohozi hicho, msomaji, kiweke mfukoni. Tutakihitaji.

Kidevu-Juu akatia mkono kwenye begi, akatoa kadibodi nyeupe. Ni ile ya studio, ambayo huwawekea watoto wachanga nyuma ya kichwa mama zao wanapowashikilia. Akaichomeka nyuma ya ua, akaisawazisha, akarudi kulala kifudifudi.

"Haya, bibie. Kidevu juu, usicheke."

Alipiga picha arobaini, zote kali kama wembe. Ndipo mvua ikaanza, na kule chini barabarani ikaonekana pikapu nyekundu ikija polepole.

"Vyungu! Baba, twende!"

Akaifunga kamera kwa mfuko wa nailoni, wakateremka mbio upande wa pili. Hatua ishirini hazijaisha, mzee akasimama. "Kandambili yangu moja imebaki."

"Iache!"

"Kandambili moja si kandambili," alisema mzee, akarudi juu. Kuokota kandambili moja kulimchukua dakika kumi. Alipoulizwa alisema tope la huku lina mapenzi, likikushika halikuachii.

*

Saa nane mchana. Jumba la Mimea.

Mzee aligoma kuingia. "Mimi na jengo lile hatusalimiani," alisema, akabaki kwenye benchi la getini.

Ndani kulinukia karatasi kavu. Kabati zilifika dari. Mkuu wa siku hizi ni mwanamke mmoja mpole wa miaka hamsini na ushei, na watu humwita Mama Lebo kwa sababu hawezi kuona kitu bila kukitia namba. Ana vibati vidogo vya bati jembamba. Hugonga namba kwa msumari, kitone kwa kitone, kisha huvifunga kwa waya. Kiti chako kina kibati. Mwavuli una kibati. Kikombe chake cha chai ni namba saba.

"Shikamoo, mama. Nimeileta!"

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Ya madoa matatu!"

Mama Lebo akavaa miwani. Akashika picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavua miwani, akaivaa tena. Kidevu-Juu alidhani ni furaha.

"Ni yenyewe," alisema Mama Lebo polepole.

"Si nilikwambia!"

"Lakini iko wapi?"

"Korongoni, mama."

"Naona ua, naona weupe. Korongo silioni. Sioni jiwe, sioni mzizi, sioni udongo. Ua hili laweza kuwa limeota chunguni, barazani kwa mtu, ng'ambo kabisa. Picha ya ushahidi sharti ionyeshe mmea na mahali pake. Ndiyo kanuni yetu."

Kidevu-Juu akazitazama picha zake arobaini, moja moja. Masikini! Ua limekaa katikati, limetazama mbele, limenyooka, na nyuma yake ni peupe pe.

Alikuwa ameipiga okidi picha ya pasipoti.

Miaka kumi na miwili ya kazi ndiyo iliyomponza. Mkono ulikuwa umekwenda kwenye kadibodi wenyewe, kama mguu unavyojua njia ya nyumbani. Alitamani kulia, akatamani kucheka, akaishia kutoa mlio mmoja katikati ya vyote viwili.

"Nikirudi kesho asubuhi?"

"Saa sita kamili mchapaji anachukua kurasa. Ikipita hapo sina la kufanya." Mama Lebo alimrudishia picha, lakini moja aliishika kidogo kabla ya kuiachia. "Baba yako hajambo?"

"Unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu Mzee Kitunguu," alisema Mama Lebo, akageukia dirishani.

Getini, mzee alisimama mara alipomwona bintiye. "Wamekubali?"

"Wanataka kuliona korongo."

"Korongo lipo tangu dunia iumbwe! Si waende wakalione?"

"Baba, nimekosea. Nimelipiga kama abiria."

Mzee alimtazama, akafikiri, akapata maana. Akaanza kucheka taratibu, kicheko kikapanda, hadi mlinzi wa geti naye akacheka bila kujua anacheka nini.

"Kesho alfajiri tutarudi," alisema mzee. "Okidi hii huchanua siku tatu tu. Kesho ndiyo ya tatu."

*

Jioni hiyo, studio ikikaribia kufungwa, akaingia mama mmoja na mtoto wa miezi minne. Picha ya pasipoti, haraka, wanasafiri. Kidevu-Juu akamkalisha, akanyoosha mkono kuchukua kadibodi ya watoto wachanga.

Haipo.

Akatazama chini ya meza. Haipo. Akafungua begi. Haipo. Halafu akakumbuka.

Kadibodi imebaki korongoni! Nyeupe kama shuka, imesimama mlimani kwenye majani mabichi, inaonekana kutoka barabarani hata kwa mwenye chongo. Na Bwana Vyungu ana macho mawili mazima.

Mtoto alipigwa picha mbele ya taulo. Kidevu-Juu alifunga mlango akatoka nduki hadi nyumbani.

Baba yake alikuwa sebuleni anapuliza chai.

"Baba, kadibodi! Nimeisahau! Vyungu ataiona!"

"Ameshaiona."

"Unasemaje?"

"Nasema kalale."

"Baba! Atang'oa ua! Jina lako, kitabu, kila kitu kitakuwa kimekwisha!"

"Mwanangu," alisema mzee, akapuliza tena, "barua haifunguliwi njiani. Kalale."

Mama yake, ambaye ni fundi cherehani na amemvumilia mzee huyu maisha yote, aliinua kichwa kutoka kwenye pindo la suruali. "Ukiona baba yako anaongea kiposta, jua kuna jambo amelifanya. Usimuulize, hatasema."

Kidevu-Juu alilala macho wazi kama sungura.

*

Asubuhi. Pikapu nyekundu imeegeshwa chini ya korongo, haina mtu.

Kidevu-Juu hakumngoja baba. Alipanda kwa mikono na miguu, akianguka, akiinuka, kamera ikimgonga kifuani. Kadibodi aliiona kutoka mbali. Karibu yake, mtu ameinama.

"Acha! Kaka, acha!"

Bwana Vyungu akanyanyuka. Ana chungu kwapani na kijembe mkononi. Anatabasamu.

"Karibu, dada wa pasipoti. Nakushukuru sana. Wiki tatu nakufuata sioni kitu, halafu jana mwenyewe unanisimamishia bendera!"

Mbele ya kadibodi palikuwa na shimo. Ndani ya chungu, majani marefu membamba, na kitumba kimoja mviringo, kimefumba.

 Kidevu-Juu akakaa chini.

"Kaka," alisema, na sauti haikuwa yake, "chukua. Uza. Sitakuuliza. Lirudishe shimoni dakika moja tu nilipige picha mahali pake. Ni jina la baba yangu hilo."

"Nilirudishe ili kesho useme limetoka hapa, waje wanikamate? Kwani mimi mtoto?"

"Saa sita wanachapa kitabu!"

"Pole, dada. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Kidevu-Juu alimwona anaweka chungu vizuri kwapani. Halafu akatazama tena. Jana ua lilikuwa limechanua wazi. Linawezaje leo kuwa kitumba?

Nyuma yake akasikia kandambili. Kwa-pa, kwa-pa, kwa-pa.

"Habari za asubuhi, Bwana Vyungu," alisema Mzee Kitunguu. "Umelinusa?"

"Ninuse nini, mzee?"

"Barua ukipewa unasoma anwani kwanza. Nusa."

Bwana Vyungu alicheka kwa dharau. Akaushika mmea, akautoa kwenye chungu, akaupeleka puani kwenye mizizi. Akavuta pumzi ndefu ya mtu anayejiamini.

Macho yakamtoka. Kisha yakaanza kutoa machozi.

"Kitunguu!"

"Ndiyo jina langu hilo," alisema mzee kwa adabu kabisa. "Miaka thelathini na mmoja nimelibeba. Leo nimekupa wewe, nenda nalo. Mimi sina haja nalo tena."

Bwana Vyungu alirudi nyuma hatua moja kwa hasira. Ile hatua ilikuwa na shimo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga hawakukosea. Chungu kilimtoka, kikabiringika korongo zima hadi kwenye tairi la pikapu yake, pa!

Alishuka akichechemea, akitukana vitunguu vyote vya dunia.

"Baba," alisema Kidevu-Juu, "umefanya nini?"

"Jana niliporudi kwa ajili ya kandambili, niliona pikapu imesimama, mtu ametoa kichwa dirishani anaikodolea macho kadibodi yako. Ningeiondoa, mvua ikikatika angekuja kupekua pale pale ilipokuwa. Basi mvua ilipomfungisha dirisha, nikaihamisha hadi kwenye kitunguu pori. Mtu akishasoma anwani, mwanangu, hatazami nyumba ya jirani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelala usingizi mzito, usingekuja na mayowe yale. Vyungu angeshuku."

Kidevu-Juu alitaka kumpiga, akamkumbatia.

Walitembea hatua hamsini, wakapita gogo lililoanguka, wakazunguka mti mkubwa wenye mizizi kama kuta. Ua lilikuwepo. Petali moja imeanza kulegea, lakini madoa yote matatu yalikuwa mahali pake.

Kidevu-Juu akalala kifudifudi. Mkono wake wa kulia, bila kumwomba ruhusa, ukaanza kuelekea kwenye begi.

"Mikono mbele!" alisema mzee.

Akajikokota nyuma badala ya kusogea mbele. Nyuma zaidi. Sasa lenzi ikaanza kuona kila kitu: udongo mweusi, mzizi, kuvu, jiwe linalotiririka maji, na ua dogo katikati ya shughuli zote hizo. Kwa mara ya kwanza aliliona liko kwao. Akaona haya kwamba jana alilitenga na nyumba yake kwa kipande cha kadibodi.

"Baba, kaa hapo pembeni yake. Usilikanyage."

"Mimi wa nini?"

"Wewe ndiye uliyeliona. Kaa."

Mzee akakaa, akaweka kofia ya posta sawasawa, akabana midomo kama watu wote wanavyofanya mbele ya Kidevu-Juu.

"Kidevu juu, baba."

"Nisicheke?"

"Leo cheka."

Akabonyeza.

*

Saa tano na robo, studio. Picha inatoka kwenye printa polepole: kwanza majani, halafu kofia, halafu meno ya mzee, halafu ua. Kidevu-Juu alikuwa anacheza muziki usiokuwepo.

Ghafla akaacha.

Juu ya bega la baba yake, kwenye mzizi mkubwa, pale pale ambapo jana palizibwa na kadibodi, palikuwa na kitu kinang'aa. Akakivuta karibu kwenye kompyuta. Kibati. Kimekula kutu pembeni, kimepigiliwa kwa msumari, na namba imegongwa kitone kwa kitone. Mia mbili na kumi na mbili.

Alishakalia kiti chenye kibati kama hicho. Jana tu.

"Baba," aliita. "Siku ile ulikuwa peke yako?"

"Mimi na mfuko wangu wa barua," alisema mzee, na kikohozi kikaja.

"Baba."

"Saa inakwenda, mwanangu. Twende."

*

Saa sita kasoro dakika ishirini. Mzee amegoma tena kwenye benchi la getini.

Mama Lebo aliipokea picha kwa mikono miwili. Alitazama ua mara moja tu. Kisha macho yake yakapanda kwenye mzizi, yakaganda hapo. 

"Umekiona," alisema.

"Nimekiona, mama."

"Nilikigonga kwa jiwe. Nyundo nilikuwa nimeisahau, baba yako akanitafutia jiwe." Aliketi. "Alikuja hapa siku ya kwanza kusema ameona okidi, mkuu hakuwepo. Nilikuwa msaidizi tu, nina mwezi mmoja kazini. Nikamwambia nipeleke. Akanipeleka. Niliiona kwa macho yangu."

Kidevu-Juu alisogelea meza. "Sasa mbona..."

"Mkuu aliporudi alianza kucheka kabla mzee hajamaliza kusema. Wote wakacheka. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nyumbani nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo watatu." Alivua miwani. "Nikacheka na mimi."



"Jana ulipokuja na zile picha nyeupe, nilimshukuru Mungu kwamba hazionyeshi kitu. Kanuni ni ya kweli. Lakini niliomba usirudi. Hiyo nayo ni kweli."

"Baba yangu ameitwa kitunguu maisha yangu yote!" Kidevu-Juu alikuwa anapiga kelele na hakujali. "Shuleni niliimbiwa! Siku ya harusi yangu mtu aliniletea zawadi ya fungu la vitunguu!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwepo mjini, mwanangu. Nilisikia yote."

Mama Lebo akavuta kurasa za kitabu, akafungua ya themanini na nne. Akachukua kalamu nyekundu, akakata mistari mitatu kwa mkato mmoja. Akaandika juu yake, akisoma kwa sauti ili asiweze kurudi nyuma: "Okidi ya madoa matatu. Ipo. Iligunduliwa na mpeleka barua wa posta. Shahidi wake alikuwa msaidizi wa Jumba hili, aliyenyamaza."

"Mstari wa mwisho si lazima," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mzee Kitunguu, kofia mkononi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Miaka thelathini na mmoja hakuwa amevuka kizingiti hicho.

"Ni lazima," alisema Mama Lebo. "Kwa nini hukunitaja? Neno moja tu, ungesafishika."

"Nikiitwa kitunguu bado ningepeleka barua," alisema mzee. "Wewe wangekufukuza. Hesabu haikuwa ngumu."

Kidevu-Juu alimtazama baba yake kana kwamba anamwona leo. Kumbe hakukosa shahidi. Alikuwa naye, akamficha. Kila kicheko cha sokoni, kila wimbo wa watoto, alikuwa ameukubali kwa hiari yake. 

Mjumbe wa mchapaji akaingia, akachukua kurasa, akatoka. Saa sita kamili. Imekwisha, msomaji! Ukurasa wa themanini na nne uko njiani.

Ungedhani hapo watu wangeshikana mikono wakaenda nyumbani.

Mama Lebo akavuta droo ya chini kabisa. Akatoa bahasha iliyogeuka njano, ina stempu ya zamani, haijafunguliwa. Ina kibati chake, lakini kibati hakina namba.

"Wiki ile ile uliniletea hii," alimwambia mzee. "Ulinikabidhi kama barua ya mtu mwingine, ukanitaka nitie saini, ukaondoka. Nilidhani umenilaani. Sikuwahi kuthubutu kuifungua."

Anwani ilikuwa ya jina lake. Mwandiko Kidevu-Juu aliujua. Ndio uliomsainia ripoti zote za shule.

Mzee asiyeogopa mbwa, mvua wala Bwana Vyungu alikuwa amebadilika rangi.

Kidevu-Juu akapiga hesabu haraka. Barua ina miaka thelathini na mmoja. Yeye ana thelathini. Na mama yake husema kila mara kwa kicheko: "Baba yako alinioa ghafla, hata mimi nilishtuka." Mfukoni simu ikaanza kulia. Akaitazama. Mama.

"Nisomee wewe," alisema Mama Lebo, akamwekea bahasha mkononi. "Miwani yangu imeloa."

"Usiifungue!"

Ni sauti ile ile ya korongoni, na jana Kidevu-Juu aliitii. Leo kidole chake kilikuwa kimeshapita chini ya kifuniko cha bahasha, na gundi ya miaka thelathini na mmoja haishiki kitu.